Kwaya ya Kamina na Suala la Jina la Mtunzi

Tunapotaja Kilwa darasani, mawazo ya wanafunzi hukimbilia Kilwa Kisiwani, msikiti wake mkuu na magofu ya Husuni Kubwa. Ni wachache wanaojua kwamba iko Kilwa nyingine, mbali na bahari, kwenye Ziwa Mweru. Hapo kuna kisiwa cha Kilwa, ambacho ni sehemu ya Zambia na kiko jirani na Nchelenge. Ng'ambo yake, upande wa Kongo, kuna mji wa Kilwa. Upande wa Zambia lugha inayotawala ni Kibemba. Upande wa Kongo utakutana na Kiswahili cha Katanga, lugha iliyopelekwa huko na misafara ya karne ya 19 na Wayeke wa Msiri waliotoka Unyamwezi, kisha ikapanuliwa na reli na migodi ya shaba baada ya 1906.

Tumeanza na Kilwa hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, inatukumbusha kwamba eneo la lugha tunayoifundisha ni kubwa kuliko ramani tunazozibandika ukutani. Pili, kutoka mji huo ukielekea magharibi kilomita zaidi ya 350 utafika Kamina, mji wa reli katika Katanga hiyohiyo. Hapo ndipo kilipozaliwa kikundi cha muziki wa Kikristo ambacho, kwa maoni yetu, walimu na wanafunzi wa fasihi simulizi wanapaswa kukijua. Leo vikundi vya injili vyenye magitaa na ngoma za kisasa vimejaa katika miji yetu. Vingi havina kampuni nyuma yao, na vinarekodi kwa fedha za wanachama wenyewe. Swali linalovikabili vikundi hivyo, yaani wimbo ni wa nani pindi unapotoka mdomoni mwa kikundi na kuingia katika kifaa cha kurekodia, liliulizwa mapema huko Kamina. Jibu lililotolewa wakati ule halikuwa zuri, nasi bado tunaishi nalo.

Historia yenyewe kwa ufupi ni hii. Mwaka 1953 padre Mbelgiji wa shirika la Wafransisko, Guido Haazen, alifika Kamina kuongoza shule. Muda si mrefu aliunda kikundi cha waimbaji na wapiga ngoma: wavulana wapatao 45 wenye umri wa miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu wapatao 15. Kikundi kiliitwa Les Troubadours du Roi Baudouin, maana yake Waimbaji Watembezi wa Mfalme Baudouin. Baudouin alikuwa mfalme wa Ubelgiji, na Kongo wakati huo ilikuwa koloni lake. Kikundi kiliimba nyimbo za asili za harusi, za kazi na za ngoma. Kisha kikatengeneza misa nzima, ikajulikana kwa jina la Missa Luba. Iliadhimishwa Kamina, katika misheni ya Mtakatifu Bavo, tarehe 23 Machi 1958. Miezi michache baadaye kikundi kilikuwa Ulaya, na mojawapo ya mahali kilipoimba ni Maonyesho ya Dunia ya Brussels. Santuri ikatoka chini ya kampuni ya Philips. Miaka mitano tu ilitosha kuwatoa watoto wa shule ya Kamina na kuwafikisha kwenye jukwaa la dunia.

Wahakiki wengi wameijadili misa hii kwa swali moja: Je, ni ya Kiafrika au ni ya mmisionari? Wanaoitetea huonyesha ngoma, sauti na mtindo wa kupokezana. Wanaoipinga huonyesha padre, jina la mfalme na maneno ya Kilatini. Sisi tunaona kwamba swali hilo limewekwa vibaya, kwa kuwa linaitazama kazi kana kwamba ina mtunzi mmoja ambaye lazima awe wa upande huu au ule. Ili tuihukumu kwa haki, hatuna budi kutazama jinsi ilivyotungwa.

Misa hii ilitungwa katika kuimbwa. Hapakuwa na mtu aliyekaa mezani akaandika noti, kisha akawagawia watoto. Kikundi kilichukua maneno ya ibada, ambayo kwa sheria ya Kanisa ya wakati ule yalikuwa hayabadiliki, kikayaweka juu ya aina za nyimbo walizokuwa nazo waimbaji. Kyrie imesimama juu ya kasala ya Ngandajika, Kasai. Sanctus imetokana na wimbo wa Kiluba wa kuagana. Hosanna ina mapigo ya ngoma ya kucheza kutoka Kasai. Agnus Dei imefuata wimbo wa Bena Lulua wa upande wa Luluabourg, mji unaoitwa Kananga leo. Ndani ya mipaka hiyo, kiongozi aliongoza, waitikiaji wakaitika, na wapigaji wakajaza. Tunaowafundisha wanafunzi kuhusu utunzi wa papo kwa papo hatuwezi kupata mfano ulio wazi kuliko huu.

Tuangalie jambo moja la kiisimu ambalo wahakiki wa muziki hulipita haraka. Kiluba ni lugha ya toni. Katika lugha za namna hiyo, kupanda na kushuka kwa sauti hubeba maana ya neno, na kwa hiyo mahadhi ya wimbo hayawezi kwenda popote yapendapo. Wimbo wa kuagana wa Kiluba ulipata umbo lake kwa sababu maneno yake ya Kiluba yalikuwa na toni zile. Maneno hayo yakiondolewa na Kilatini kikawekwa mahali pake, umbo linabaki. Kilatini hakina toni, kwa hiyo hakipingi. Matokeo yake ni kwamba anayesikiliza Sanctus anasikia maneno ya Kilatini yakipita katika njia iliyochongwa na maneno mengine ambayo hayatamkwi. Huu ndio uzuri wa pekee wa misa hii. Na hapa ndipo hoja ya kwamba Kilatini kimeiharibu inapopoteza nguvu. Kwa muda ule, kwa sheria ile, Kilatini kiliacha nafasi ambayo waimbaji waliijaza.

Tulinganishe na nyimbo za ibada za Kiswahili ambazo wengi wetu tumekua nazo. Huko mambo yalikwenda kinyume. Mahadhi yaliletwa kutoka Ujerumani, Uingereza au Marekani, na maneno ya Kiswahili yakabanwa ndani yake. Kiswahili si lugha ya toni, lakini kina mkazo wake, nao huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Neno kama Mwokozi linataka mkazo kwenye silabi ya pili. Likiwekwa kwenye mahadhi yanayoanza kwa pigo zito, mkazo unarukia silabi ya kwanza, na mwimbaji analazimika kulitamka neno kwa namna ambayo hawezi kulitamka sokoni wala nyumbani. Tumezoea, ndiyo maana hatusikii kasoro. Waimbaji wa Kamina walikuwa na lugha ya kigeni katika mahadhi ya kwao. Sisi tulikuwa na lugha yetu katika mahadhi ya kigeni. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu angefanya vyema kuyapima mambo hayo mawili kwa kusikiliza na kuhesabu, si kwa kulalamika.

Hatusemi kwamba kazi yote ina nguvu sawa. Kwa sikio letu, Kyrie na Sanctus ndizo kilele. Kyrie ina maneno machache sana ya kuomba huruma, na uchache huo unaipa kasala nafasi ya kupumua: kiongozi, ambaye katika santuri ni mwalimu Joachim Ngoi, anaita, kundi linapokea, naye anarudi kwa namna nyingine. Sanctus inaanza kwa utulivu wa watu wanaoagana, halafu Hosanna inaingia kwa ngoma kama kundi linaloufungua mlango. Credo ni hadithi tofauti. Maneno ya kanuni ya imani ni mengi, yamepangwa kwa hoja, na hayakutungwa kwa ajili ya kupokezana. Hapo tunamsikia mwimbaji akifanya kazi ya msomaji, na mahadhi yakikimbizana na maandishi ili yasiachwe nyuma. Ni sehemu inayoonyesha kwamba aina ya wimbo simulizi haiwezi kubebeshwa kila maandishi.

Sasa turudi kwenye kasala. Kwa Waluba, kasala ni utungo wa sifa na wa maombolezo. Kazi yake kubwa ni kutaja: jina la mtu, majina yake ya sifa, wazazi wake, ukoo wake, mahali alipotoka. Anayesifiwa au kuliliwa kwa kasala hawezi kubaki bila jina. Ajabu ni kwamba kazi iliyojengwa juu ya sanaa ya kutaja majina imetufikia ikiwa karibu haina majina ya walioitengeneza. Kikundi kina jina la mfalme wa Ubelgiji. Misa ina jina la watu wote wa kabila. Padre anatajwa kwa jina lake kamili kila mahali. Kati ya waimbaji na wapigaji wapatao 60, msikilizaji wa kawaida atalipata jina la Ngoi, na zaidi ya hapo itambidi atafute sana.

Kuna watakaosema kwamba ilikuwa kazi ya pamoja, na kazi ya pamoja haina mtunzi. Hoja hii tunaijua vizuri kwa sababu imo katika vitabu vyetu vya fasihi simulizi: kazi simulizi ni mali ya jamii. Sisi tunasema hoja hiyo ni nusu ya kweli. Aina ya wimbo ni mali ya jamii. Kasala ni ya Waluba wote. Lakini Kyrie ile, katika santuri ile, ni tukio la watu maalumu waliochagua kupanda hapa na kushuka pale. Kuitika ni kutunga pia. Mtoto wa miaka 12 aliyeshika sauti ya juu katika Sanctus hakuwa jamii, alikuwa mtu mwenye jina lililoandikwa katika rejista ya shule.

Suala hili lilizidi kuwa zito kazi ilipoandikwa. Katika miaka ya 1960 noti za Missa Luba zilichapishwa Marekani, jina la Haazen likiwekwa kama mpangaji. Kwaya za vyuo na makanisa ya Ulaya na Marekani zikaanza kuiimba kwa kusoma. Kilichokuwa utungo unaoweza kubadilika kila unapoimbwa kikawa maandishi yenye mwanzo na mwisho, na maandishi huhitaji jina juu yake. Hatumtuhumu padre kwa wizi. Haazen hakuficha kwamba utunzi ulikuwa wa kikundi, na bila juhudi zake tusingekuwa na santuri ya kuijadili. Tunachosema ni kwamba utaratibu wa uchapishaji ulikuwa na nafasi ya jina moja, na nafasi hiyo ikajazwa na aliyekuwa karibu na kalamu.

Wakati huohuo sauti zao zilikuwa zikisafiri bila wao. Mwaka 1964 Pier Paolo Pasolini, mwongozaji filamu wa Italia, aliitumia Gloria katika filamu yake kuhusu Injili ya Mathayo. Mwaka 1968 Sanctus ikasikika katika filamu ya Kiingereza iitwayo if...., inayohusu wanafunzi wanaoasi shuleni mwao, na mwaka uliofuata santuri ndogo yenye Sanctus ikaingia katika orodha ya zilizouzwa sana Uingereza, ikikaa na muziki wa roki wa vijana wa enzi ile. Kwa hiyo wimbo wa kuagana wa Kiluba, uliokwisha kuwa sala, uligeuka kuwa wimbo wa uasi wa vijana wa Kizungu. Hatuoni ubaya katika safari hiyo, kwani nyimbo husafiri. Lakini wakati huo Kongo ilikuwa imepata uhuru tarehe 30 Juni 1960, Katanga ilikuwa imejitenga mwezi uliofuata na kurudishwa mwaka 1963 baada ya vita, na wavulana wa 1958 walikuwa watu wazima. Wimbo uliendelea kupanda ngazi, na walioutunga hawakuwa wakitajwa.

Ni vyema pia tukumbuke mazingira ya safari yao ya kwanza. Katika Maonyesho yaleyale ya Brussels, Wabelgiji walijenga kijiji cha Kikongo ambamo mafundi wa Kikongo waliwekwa wakifanya kazi zao nyuma ya uzio ili watazamwe. Baadhi ya watazamaji waliwarushia vyakula kama wanyama, na Wakongo hao wakakataa kuendelea, wakaondoka. Watu wa nchi moja, katika maonyesho ya mwaka mmoja: wengine walishangiliwa kwa kuimba Kilatini, wengine walirushiwa vyakula. Mhakiki anayeisifu misa bila kuyajua hayo anasifu nusu. Anayeilaani kwa sababu ya hayo anawanyima watoto wa Kamina ushindi wao, kwa maana pale jukwaani hawakuwa maonyesho, walikuwa wasanii.

Nini kilitokea upande wetu? Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulipitisha hati ya liturujia iliyofungua mlango kwa lugha za wenyeji. Mwaka huohuo padre Stephen Mbunga wa Tanganyika alichapisha kitabu kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, akionyesha kwamba Mwafrika mwenyewe anaweza kuijadili sheria na muziki wake. Baada ya hapo Kiswahili kikapanda altareni. Mwaka 1988 Roma iliidhinisha misale ya majimbo ya Zaire, yenye utaratibu wa ibada uliotokana na desturi za nchi ile. Na mwaka 1990 Missa Luba yenyewe ilirekodiwa upya na waimbaji wa Kenya, Muungano National Choir, chini ya Boniface Mganga. Toleo hilo si nakala ya lile la Kamina. Sauti ni za watu wazima, wake kwa waume, na mapigo yamepangwa kwa masikio mengine. Wapo wanaolalamika kwamba si la asili. Kwetu sisi toleo hilo limeirudishia kazi haki yake ya kubadilika. Tena kiongozi wake anajulikana kwa jina, jambo ambalo mwaka 1958 lilikuwa la padre tu.

Tunayaandika haya tukijua kwamba idara yetu nayo ina deni. Kwa miaka mingi tumewatuma wanafunzi wetu vijijini wakati wa likizo kukusanya nyimbo. Wamerudi na madaftari, kanda, na siku hizi simu zilizojaa sauti. Katika mikusanyo tuliyoitayarisha kwa matumizi ya darasani, juu ya wimbo tumeandika neno moja, jadi, na chini yake jina la mwanafunzi aliyeukusanya. Mama aliyeuimba, aliyeongeza beti mbili kwa sababu mgeni alikuwa amekaa mbele yake, hayumo. Tulipozipitia upya kazi za miaka iliyopita ili kuandaa toleo hili la jarida, tulikuta wimbo mmoja wa kutwanga ambao wanafunzi wawili waliukusanya kwa nyakati tofauti katika kijiji kimoja, na matoleo hayo yanatofautiana sana. Huenda mwimbaji alikuwa mmoja, huenda walikuwa wawili. Hatuna namna ya kujua, kwa sababu hatukuuliza. Tumeyafanya yaleyale yaliyofanyika Kamina, bila hata kisingizio cha kampuni ya santuri.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kuanzia muhula ujao fomu ya ukusanyaji wa fasihi simulizi iwe na nafasi ya majina ya kiongozi na ya waitikiaji, si ya mkusanyaji peke yake, na mwimbaji aulizwe kama angependa kutajwa. Pili, katika kozi ya nadharia tuache kufundisha kwamba kazi simulizi haina mtunzi, tufundishe kwamba ina watunzi ambao maandishi huwasahau. Tatu, wanafunzi wetu wanaoimba katika kwaya na bendi za injili, nao ni wengi, waweke kumbukumbu za nani alianzisha mahadhi, nani aliongeza kiitikio, nani alibuni pigo, kabla ya kwenda studio. Wimbo ukishauzwa ni vigumu kuanza kugawana majina.

Missa Luba ni kazi nzuri, na tungependa kila mwanafunzi wa fasihi simulizi aisikilize angalau mara moja kabla ya kuhitimu. Aisikilize Sanctus kwanza akiwa peke yake, kisha arudie akiwa na karatasi, ahesabu sauti anazoweza kuzitenganisha. Kila sauti atakayoitenganisha ni ya mtu mmoja wa Kamina.